Kunenepa, Kujengeka na Kuvimba: Kielezo cha Uzito wa Mwili na Mipaka Yake

Kielezo cha uzito wa mwili hupatikana kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Ulimwenguni huhesabu jibu lililo chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu, 25 na zaidi kuwa uzito uliozidi, na 30 na zaidi kuwa unene wa kupindukia. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, aliyetafuta sifa za mtu wa wastani wala hakukusudia kupima wagonjwa. Jina la sasa lilitolewa mwaka 1972 na Ancel Keys wa Marekani pamoja na wenzake.

Manufaa yake ni dhahiri. Katika mtaa kama Rugenge, mjini Uvira, mizani na rula ya urefu vinatosha. Kwa njia hiyo yaweza kujulikana kama wakazi wazima, kwa jumla, wanakonda au wananenepa mwaka hadi mwaka, na mtu mmoja aweza kufuatwa mwezi baada ya mwezi.

Hata hivyo, mizani haielezi kilo zimetokana na nini. Kiswahili kina vitenzi tofauti: mtu hunenepa kwa mafuta, hujengeka kwa misuli, huvimba kwa maji. Kielezo huvijumlisha vyote katika tarakimu moja. Chukuliwe mfano wa mchukuzi wa bandari ya Kalundu mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 76. Kielezo chake ni 26.3, naye huwekwa miongoni mwa waliozidi uzito, hata kama kilo hizo ni misuli ya kubebea magunia. Kinyume chake, mtu mwembamba wa viungo mwenye kitambi aweza kupata jibu la kawaida, ingawa mafuta ya tumboni ndiyo yenye hatari zaidi.

Kosa la upande wa njaa ni zito zaidi. Mama mwenye urefu wa mita 1.55 na kilo 44 ana kielezo cha 18.3, hivyo huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Miguu yake ikivimba kwa kilo 2 za maji, kielezo hupanda hadi 19.1, naye huonekana salama ilhali hali yake imezidi kuwa mbaya.

Kwa watoto, mipaka ya watu wazima haitumiki kabisa. Bwaki, jina lijulikanalo Kivu kwa ugonjwa ambao Kiswahili cha Tanzania huuita unyafuzi, humvimbisha mtoto mwenye utapiamlo. Kwa hiyo mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzingo wa mkono wa juu: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Tena miguu yote miwili hubonyezwa kwa kidole gumba; vishimo vikibaki, hiyo peke yake ni dalili ya utapiamlo mkali, mizani iseme lolote.

Kielezo, basi, kinafaa kuwa swali la kwanza. Mzazi anapomwambia mhudumu wa afya kwamba mtoto "amenenepa", swali la pili halina budi kuulizwa: amenenepa, au amevimba?