Nilitafuta wateja wa mbali, nikawapata kwenye mfereji wa ploti

MTU akitaka kujua siku ya mshahara katika mtaa wa Karagita, Naivasha, hana haja ya kuuliza. Atawaona wachuuzi wa mitumba, sufuria na viatu vya plastiki wamejipanga kando ya barabara ya Moi South Lake tangu alasiri, wakingojea mabasi ya kampuni za maua yateremshe wafanyakazi. Mchuuzi wa Karagita hapigii kelele mtu asiye na pesa. Anawajua wateja wake, anajua wanashukia wapi na saa ngapi.

Mimi nilikuwa nikiwapita wachuuzi hao kila jioni bila kujifunza lolote kwao, na hilo lilinigharimu.

Mke wangu hufanya kazi katika pakihausi, pale waridi hupangwa kwa urefu na kufungwa mafungu kabla ya kusafirishwa ng'ambo. Januari na mwanzo wa Februari, Ulaya inapohitaji maua ya Siku ya Wapendanao, huwa kuna saa za ziada na jikoni kwetu hunukia nyama. Ikifika Machi saa hizo hukatika. Mimi nami huandika makala na kuwajazia watu fomu kwa kompyuta, kazi isiyo na tarehe ya malipo. Machi 2023 tulikuwa na salio la karo ya watoto wawili, kodi ya nyumba, na maji ambayo mwenye nyumba hutuuzia kwa mtungi. Ndipo nikasikia habari za biashara ya kiungo.

Kwa ambaye hajaisikia, biashara yenyewe ni udalali tu. Duka la mtandaoni hukupa kiungo chenye nambari yako. Mtu akikifungua na kununua kitu, duka hukuhesabia kamisheni. Huna stoo, huna gari, huna mtaji. Wajuzi huiita afilieti. Duka la Amazon la Marekani liliianzisha kwake mwaka wa 1996. Hapa Kenya, Jumia, ambayo ilifungua duka lake mwaka wa 2013, ilikuja baadaye na mpango wa JForce, ambapo wakala huwaagizia bidhaa watu wasiojiamini kununua wenyewe kwa simu, naye akapata fungu lake.

Nilijihoji kwanza kama huu si upatu. Wakenya wengi hawajasahau DECI na wenzake, waliowala watu akiba zao miaka ya 2006 na 2007. Tofauti niliiona. Katika udalali wa kweli hulipi kiingilio, na pesa zako hutoka kwa bidhaa iliyouzwa wala si kwa mfuko wa mtu uliyemsajili nyuma yako. Ukiambiwa utume pesa za usajili kwanza, au uwalete watu watano ndipo ulipwe, zima simu uende zako.

Kwa hivyo nilijisajili bila kulipa hata ndururu. Nikafungua ukurasa Facebook, nikajiunga na vikundi 12 vya watu nisiowajua, nikaanza kumwaga viungo: simu, redio, pasi, viatu vya michezo. Vikundi vinne vilinifukuza wiki ya kwanza. Miezi mitatu ilipokwisha, hesabu za duka zilionyesha kwamba watu 61 walikuwa wamefungua viungo vyangu. Aliyenunua hakuwapo hata mmoja.

Mke wangu, ambaye kazi yake ni kuhesabu mashina ya maua tangu asubuhi hadi jioni, alikuwa na hesabu yake.

"Baba watoto, bando la Sh20 kila siku kwa siku 90 ni Sh1,800. Hao unaowauzia wanakujua?"

"Hawanijui."

"Wewe ungenunua redio kwa mtu usiyemjua, anayekupigia kelele dirishani?"

Sikuwa na jibu, nikajifanya nasikiliza habari.

Hesabu haina huruma

Ukweli ni kwamba mtu asiye na hadhira anaanza biashara hii akiwa ameshafungwa mabao. Tuseme kamisheni ni asilimia 5. Kitu cha Sh2,000 kinakupa Sh100. Tuseme pia kwamba kati ya watu 100 wanaofungua kiungo, mmoja ananunua, na huyo ni bahati. Ili upate Sh3,000 kwa mwezi unahitaji watu 3,000 wafungue, na ili hao wafungue unahitaji maelfu zaidi wakuone. Mwimbaji au mtangazaji anao tayari. Mimi nilikuwa na shemeji zangu.

Nayo masharti ni makali kuliko vijana wanavyosimuliana. Kanuni za Amazon, kwa mfano, humpa mteja wako saa 24 tu tangu afungue kiungo. Akinunua kesho kutwa bila kupitia kwako, huna chako, isipokuwa awe alikwisha kukiweka kitu kapuni ndani ya saa hizo. Huruhusiwi kujinunulia kwa kiungo chako mwenyewe. Usipopata mauzo matatu katika siku 180 za kwanza, wanakufungia mlango. Mambo haya yameandikwa, lakini nani husoma?

Serikali nayo haikulala. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 juu ya mapato ya watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni kuanzia Julai mwaka huo, baada ya mswada kupendekeza asilimia 15, na kamisheni ya afilieti imetajwa humo waziwazi. Mwenye kupata Sh90 alishaonekana Nairobi kabla hata hajaziona hizo Sh90 mwenyewe.

Foleni ya maji

Sh90 ndizo zilizokuwa kamisheni yangu ya kwanza, nami sikuzipata Facebook. Nilizipata kwenye mfereji.

Ploti yetu ina milango 12 na mfereji mmoja, na maji yakifika watu wote hutoka na mitungi yao. Jumamosi moja mama pacha, jirani wa mlango wa tatu, aliniuliza kama kweli mtu anaweza kuagiza chupa ya chai kwa simu na isiwe wizi. Alikuwa na simu nzuri kuliko yangu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, "Hapa bonyeza, hapa usibonyeze, na pesa usitoe mpaka uione chupa." Tulifungua kiungo changu kwenye simu yake tukiwa tumesimama foleni. Siku ya nne tulipanda matatu hadi kituo cha kuchukulia mizigo mjini, akaikagua chupa, akalipa Sh1,500. Nikahesabiwa asilimia 6.

Foleni yote iliiona chupa ile. Miezi miwili iliyofuata niliagiziwa vitu tisa: blanketi, taa mbili za sola, viatu vya shule, na vinginevyo. Sikuwa nimeandika tangazo hata moja. Hadhira niliyoililia miezi mitatu ilikuwa imesimama na mitungi nje ya mlango wangu, nami nilikuwa ndani nimeinamia simu nikiwatafuta watu wa Mombasa.

Laiti hadithi ingeishia hapo.

Duka hilo, ambalo sitalitaja, liliongeza kamisheni ya machujio ya maji hadi asilimia 10. Chujio moja liliuzwa Sh3,600. Kwangu ni Sh360, sawa na chupa nne za chai. Nikaanza kulisifu mferejini. Nilisema linaondoa uchafu wote. Mama mmoja mwenye binti wa miaka mitatu akaniuliza, "Hata ule wa meno?"

Nikajibu, "Hata huo."

Msomaji asiyejua Naivasha huenda asielewe uzito wa swali hilo. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ufizini huja kuyaota yakiwa na madoa ya hudhurungi, na mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi hata mifupa hudhurika. Kwetu watu wazima wengi huziba mdomo kwa mkono wanapocheka. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe azoee ishara hiyo.

Familia nne zilinunua. Nilipata Sh1,440, tukalipa salio la karo.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nikimsaidia jirani kuunganisha chujio lake, nikaisoma karatasi iliyokuja nalo. Ilitaja matope, kutu, harufu na vijidudu. Floraidi haikutajwa. Nilipouliza wanaojua, nilielezwa jambo ambalo mtu wa Nakuru hakupaswa kulipuuza: chujio la kawaida la udongo au kitambaa haliondoi floraidi, na kuchemsha maji hakusaidii kitu kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na madini yakabaki. Kinachofanya kazi ni vitu kama mkaa wa mifupa, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa na mradi wa kutengeneza machujio ya aina hiyo tangu miaka ya 1990. Maji ya mvua yaliyotegwa kwenye paa safi hayana floraidi ya kusumbua. Familia isiyo na pesa inaweza kuyaweka kando kwa ajili ya kunywa watoto wadogo.

Yaani ushauri uliokuwa bora kwa mama yule ulikuwa pipa chini ya mabati. Pipa halikuwa na kamisheni.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nilimwambia mke wangu, naye hakunikaripia. Aliuliza tu, "Utaanza kumwambia nani?"

Nilikwenda mferejini. Watatu walisema basi, chujio walitakalo ni la matope, watabaki nalo. Mama wa yule binti hakusema neno mbele ya watu. Jioni alileta chujio lake mlangoni pangu, likiwa kwenye boksi lake. Muda wa kulirudisha dukani ulikuwa siku saba, nao ulikuwa umepita. Nilimlipa Sh900 kwa mwezi, kwa miezi minne. Fanya hesabu mwenyewe utaona ni nani aliyepata faida katika biashara ile. Chujio liko jikoni kwangu hadi leo, na kwa matope kweli linafaa.

Nimeyakumbuka hayo mara nyingi tangu Mei 2024, ilipotangazwa kwamba kampuni ya Copia imewekwa chini ya wasimamizi. Copia ilianza mwaka wa 2013 na ilitegemea watu kama mimi, ila wao walikuwa wenye maduka, vinyozi na washonaji nguo, waliowaagizia majirani bidhaa kwa katalogi na kulipwa kamisheni. Mpango wenyewe ulikuwa wa busara, kwa kuwa mtu wa kijijini hamjui mwekezaji wa ng'ambo, anamjua mwenye duka. Lakini ndiyo sababu jambo likienda mrama huja kwa mwenye duka. Kampuni hukuazima bidhaa zake; wewe unaiazima jina lako, na ikiondoka hairudishi.

Sikuacha biashara. Nilichobadilisha ni namna ya kuifanya. Nikiagiziwa kitu husoma kwanza maelezo yake yote, hata ya maandishi madogo, na humtajia mteja kamisheni yangu kabla hajalipa. Wawili walikasirika kujua napata kitu, wakaenda kuagiza wenyewe. Ni haki yao.

Na ule ukurasa wa Facebook niliuvunja. Badala yake niliandika, kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache zinazojibu maswali ambayo watu wa huku huuliza hasa: maji na meno, taa ipi ya sola inadumu msimu wa mvua, jinsi ya kurudisha bidhaa mbovu. Asiye na hadhira, naona, hana la kufanya ila kungoja mahali ambapo swali linapita, kama mchuuzi angojavyo basi. Ukurasa wa maji ndio unaosomwa zaidi, nao hauna kiungo hata kimoja. Ule wa taa ndio unaoniletea pesa. Mwezi uliopita nilipata Sh640, mferejini na mtandaoni pamoja. Mke wangu aliziingiza kwenye daftari lake chini ya neno "mboga".

Juzi mama wa yule binti alinikuta foleni. Deni lake lilikwisha zamani, ila tulikuwa bado tunasalimiana kwa kichwa tu. Safari hii alitoa simu akanionyesha picha ya godoro.

"Hapo unapata ngapi?" akauliza.

"Sh180."

Aliitazama picha tena. Mtungi wake ukajaa, akafunga mfereji, akajitwika.

"Nitafikiria," akasema.