Kasisi Godfrey Dale na Suala la Maneno Yenye Asili ya Kiarabu

Miongoni mwa hoja zinazoletwa mara kwa mara mbele ya waundaji wa istilahi ni ile isemayo kwamba neno lenye asili ya Kiarabu ni geni kwa mtu wa bara, na kwamba yafaa lipishe neno la Kibantu. Katika makala haya tunakusudia kuipima hoja hiyo kwa kuangalia kazi ya kasisi mmoja Mwingereza, Kanoni Godfrey Dale, na ushahidi wa lugha ya Bukoba na Muleba.

Makasisi Waingereza walianza zamani kushughulikia Kiarabu. William Bedwell (1563–1632), mmojawapo wa wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, alitumia miaka mingi kutunga kamusi ya Kiarabu, akafa kabla haijachapishwa. Lakini Kiarabu cha Bedwell kilikuwa cha vitabu vilivyofika Ulaya. Dale, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, alifanya kazi Bonde na Unguja, na huko Unguja Kiarabu kilisikika kila siku msikitini na chuoni.

Mwaka 1923 tafsiri yake ya Kurani, iliyokuwa ya kwanza kutolewa kamili kwa Kiswahili, ilichapishwa London. Msamiati mwingi wa dini aliukuta umekwisha kuzoeleka: imani, dhambi, toba, rehema, sala. Maneno hayo hayo yamo katika Biblia ya Kiswahili. Hata hivyo, tafsiri hiyo iliambatana na maelezo ya mtazamo wa Kikristo, na Waislamu wengi hawakuikubali. Zilifuata tafsiri za Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi (1953) na Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1969). Kwa hiyo ujuzi wa lugha mbili peke yake hautoshi. Kazi ya lugha husimama kwa kukubaliwa na wale wanaoitumia.

Upande wa pili alisimama Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu katika Biblia yake iliyokamilika mwaka 1937. Kasisi G. W. Broomfield alimjibu mapema, mwaka 1931, akipinga juhudi za kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu kwa nguvu.

Sasa tutazame Buhaya. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipita kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda, wakawa na kituo Kafuro, huko Karagwe. Leo Mhaya akisema kitabu kwa lugha yake husema *ekitabo*, na vikiwa vingi, *ebitabo*. Mwarabu husema *kitab*, na wingi wake ni *kutub*. Silabi *ki*, ambayo katika Kiarabu si kiambishi bali ni sehemu ya neno lenyewe, imegeuzwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama ilivyo katika Kiswahili kitabu na vitabu. Neno limevuliwa sarufi ya Kiarabu likavikwa ya Kibantu. Atakayelifukuza kwa jina la Ubantu atakuwa amemfukuza mwenyeji.

Maana nazo huhama. Hotuba katika Kiarabu ni hasa mawaidha ya msikitini. Kwetu hata mwenyekiti wa kijiji hutoa hotuba. Katiba inatokana na mzizi wa kuandika, lakini Waarabu wenyewe huiita sheria mama ya nchi *dustur*. Maana ya katiba tuliyo nayo ni yetu.

Haya yote hayana maana kwamba kila pengo lizibwe kwa kamusi ya Kiarabu. Lugha za nchi yetu zimekwisha kutupa Ikulu na ng'atuka, na hakuna aliyejuta. Tunachosema ni kwamba asili ya neno si hukumu yake. Yafaa tuulize kwanza: je, neno linaeleweka mbali na pwani? Je, linakubali viambishi na kuzaa maneno mengine? Je, linatenganisha dhana moja na nyingine bila utata? Neno lililopita mitihani hiyo lipokelewe, liwe limetoka Uarabuni au Ihangiro.

Istilahi ikikosewa, hasara haimwangukii mwanakamati. Humwangukia mkulima wa Muleba ashikaye hati ya shamba lake au nakala ya hukumu, akasoma kila neno, asijue kama ameshinda au ameshindwa.