Damu isiyo na mpangilio kwa anayetafuta mtoto

Mwanamke wa Kanoni anayetafuta mtoto, damu ikimtoka siku 10, ikakata, kisha ikarudi baada ya wiki, hupatwa na mashaka mawili kwa pamoja. Hajui aswali au aache, na hajui kama katika hali hiyo mimba inaweza kushika. Wengi huishia duka la dawa, wakasema tu kuwa damu haikati, wakapewa vidonge. Damu hukata kweli, lakini mimba haiji.

Ndugu msomaji, vidonge vingi vinavyopanga hedhi ni vile vile vya uzazi wa mpango. Huipanga damu kwa kuzuia yai lisipevuke. Hata norethisterone, ambayo hukata damu upesi, si dawa ya kushikisha mimba, na haifai kumezwa na mwanamke ambaye huenda tayari ni mjamzito.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha mkojo, kujua kama kuna mimba. Ikiwa ipo, na damu inatoka pamoja na maumivu ya upande mmoja wa tumbo au kizunguzungu, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ikiwa mimba haipo, kitafutwe chanzo. Aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu aseme, kwani huvuruga damu, na uwezo wa kuzaa unaweza kuchelewa hata miezi 10 tangu sindano ya mwisho, au zaidi. Wengine wana tatizo la tezi ya shingo, uvimbe wa kizazi, au ovari ambazo hazikomazi mayai. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa akaguliwe mlango wa kizazi.

Tiba hufuata chanzo. Asiyepevusha mayai anaweza kupewa letrozole au clomiphene kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, tena chini ya daktari, kwa kuwa mapacha hutokea. Mwenye damu nyingi anaweza kupewa tranexamic acid katika siku za damu; hiyo haizuii yai. Foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, ianze kabla ya mimba.

Yote haya yanahitaji hesabu ya siku, nayo si ngeni kwetu. Fatima bint Abi Hubaysh alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa damu haimkatiki, aliambiwa huo ni mshipa, si hedhi, aache swala kwa kadiri ya siku zake za kawaida, kisha aoge na kuswali. Na kwa wanazuoni walio wengi, mwenye istihadha ni halali kwa mumewe. Anayehesabu kila tone kuwa hedhi hujitenga na mumewe hata siku za yai, na mwaka unapita. Aliyechanganyikiwa amuulize sheikh, lakini aende na daftari.

Katika daftari hilo aandike siku damu ilipoanza na ilipokata. Kwa kawaida, kutoka mwanzo wa hedhi hadi mwanzo wa nyingine ni siku 21 hadi 35. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku ya 14 kwa kila mtu kama tunavyofundishana. Mwenye mzunguko wa siku 35 lake hutoka karibu na siku ya 21.

Mwenye hedhi iliyovurugika asingoje mwaka mzima. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya Nyakahanga, na walio upande wa Kyerwa wana Isingiro. Ikishindikana, ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bukoba. Na mume afuatane naye, apimwe mbegu siku hiyo hiyo. Wapo wanawake waliozungushwa miaka, wakanyweshwa mitishamba ya kila aina, wakati mume hajawahi kupimwa hata mara moja.