Mboga kwenye Cheti cha Daktari

Glibenklamaidi ni kidonge cha bei nafuu ambacho wagonjwa wengi wa kisukari hupewa. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala. Anayekimeza asubuhi kisha akashinda na chai ya rangi mpaka jioni anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuchanganyikiwa na hata kuzimia: sukari imeshuka. Akishapatwa na hayo, hujiamulia kwamba siku isiyo na chakula haina dawa. Kwenye faili lake huandikwa kwamba hafuati maagizo.

Wagonjwa wa namna hii si wachache. Mnamo 2007 na 2008, watafiti wakiongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge waliwapima watu zaidi ya 4,000 wa miaka 50 na kuendelea katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, Kenya. Nusu yao walikuwa na presha, na asilimia 6.6 walikuwa na kisukari. Na hili ndilo eneo la viazi vya Molo na karoti za Mau Narok. Mboga zinapita kwa malori karibu kabisa na mtu wa mitaa ya Kaptembwo au Rhonda mjini Nakuru ambaye pesa ya siku inaishia kwenye unga na mafuta ya kupimiwa.

Kumwambia mtu huyo apunguze ugali na kuongeza mboga ni ushauri tu. Cheti cha mboga kina uzito mwingine: mhudumu wa afya anaandika mboga gani, kiasi gani kwa wiki na kwa miezi mingapi, na kuna mfuko unaolipa. Bila mlipaji, karatasi hiyo haina kazi.

Bonde la Ufa si geni kwa chakula cha kuandikiwa kliniki. Kule Eldoret, mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na washirika wao wa Indiana, Marekani, uligundua mapema kwamba dawa za virusi vya Ukimwi peke yake hazimnyanyui mtu mwenye njaa. Ukaanzisha mashamba yake, ukashirikiana na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na wataalamu wa lishe wakawa wanaandika chakula kama dawa inavyoandikwa. Waliwahesabu pia wategemezi wa mgonjwa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Sufuria ya nyumbani ni moja. Hakuna mama atakayekula managu peke yake huku watoto wakimtazama.

Tofauti ipo, hata hivyo. Mgonjwa wa Ukimwi aliyekonda alionekana kwenye mizani. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa mnene na bado akawa na njaa, kwa kuwa chakula cha bei nafuu ni wanga, sukari na mafuta. Kwa hiyo mizani haifai kuwa mlango wa kuingilia. Aulizwe: mwezi huu umewahi kuruka mlo kwa kukosa pesa?

Wala cheti hiki si cha kugawa kiholela. Terere, kunde na sukuma wiki zina madini ya potasiamu, yanayosaidia kushusha presha, lakini mgonjwa ambaye figo zake zimechoka yanaweza kumdhuru. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye hatakiwi kubadilisha ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula. Ndiyo maana kalamu ibaki kliniki.

Ushahidi wa Marekani una pande mbili. Uchambuzi wa miradi tisa, uliochapishwa 2023, ulionyesha presha na sukari zikishuka kwa waliopewa vocha za mboga na matunda, ingawa haukuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Mwaka huohuo, jaribio lililogawa wagonjwa wa kisukari kwa bahati nasibu lilikuta sukari imeshuka karibu sawa katika makundi yote mawili, waliopewa chakula na waliosubiri. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kupima vizuri, wala si ya kuacha.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za afya, kilimo na masoko kwa pamoja. Serikali ya Kaunti ya Nakuru inaweza kuanza na kliniki moja ya sukari, ikamlipa mama mboga wa mtaani kwa M-Pesa, na kupima wastani wa sukari wa miezi mitatu kabla na baada ya mpango. Madiwani watenge fedha hizo katika bajeti ijayo.

Nawe unayemeza dawa za sukari na kuna siku unakosa chakula, usiache dawa kimyakimya. Mwambie daktari au muuguzi wazi. Zipo dawa, kama metformini, ambazo zikitumiwa peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi, na dozi yako inaweza kupangwa upya.