Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani: Pimeni Umeme Kwanza

Leo katika darasa letu la ufundi nataka kuwaeleza habari za kutengeneza kompyuta kuukuu ya nyumbani, na jinsi ya kuiongezea kumbukumbu. Kompyuta za zamani ni za namna nyingi, kwa hiyo nimechagua moja tu, ile Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza, maana ilienea sana, ni rahisi kuifungua, na maradhi yake yanajulikana.

Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwezi wa Aprili 1982. Kampuni ya Sinclair Research ilikuwa Cambridge, na mashine zenyewe ziliundwa katika kiwanda cha Timex mjini Dundee, Scotland. Ni kijisanduku cheusi chenye vibonyezo 40 vya mpira. Hakina kioo chake. Kilichomekwa katika televisheni ya sebuleni, na programu zilipakiwa kutoka kanda ya kaseti. Kiliuzwa kwa bei mbili: pauni 125 kwa chenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na pauni 175 kwa chenye kilobaiti 48. Kumbukumbu ni mahali ambapo kompyuta huweka kazi iliyo mkononi, na yote hufutika ukizima umeme. Kilobaiti moja yatosha herufi 1,024.

Basi, mtu amepata mashine hii sokoni au katika stoo ya mjomba wake. Anaichomeka, na badala ya maandishi ya kampuni chini ya kioo, anaona mistari tu au vipande vya rangi. Atafanya nini? Mimi mwenyewe lilinipata jambo hilo. Nikasema kumbukumbu imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Nikang'oa chipu zote nane, nikatia nyingine nane, nikawasha. Haikupita muda mrefu nikasikia harufu ya kuungua. Zile nane mpya nazo zilikwenda njia ile ile! Sikuwa nimepima umeme.

Kwa hiyo chukueni mita yenu kabla ya kuchukua chuma cha kulehemu. Anzeni na adapta, yaani ile transfoma ya kuchomeka ukutani. Hutoa volti 9 za umeme wa namna ya betri, lakini angalieni sana plagi yake ya duara: katikati ni hasi, na nje ni chanya. Adapta nyingi za siku hizi ni kinyume chake. Plagi itaingia vizuri kabisa, na mashine itaharibika. Tena msishangae mita ikisoma volti 12 au zaidi wakati adapta haijabeba mzigo. Hiyo ni desturi ya adapta za zamani. Msiifungue adapta yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna umeme wa ukutani, na huo huua mtu.

Ndani ya mashine, umeme huo hugawanyika. Njia moja yapita katika kidhibiti chenye miguu mitatu, namba 7805, kilichofungwa kwenye bamba la kupoza joto. Hapo hutoka volti 5. Njia ya pili yapita katika koili ndogo na transista mbili, TR4 na TR5. Hapo hutengenezwa volti 12 na volti 5 hasi.

Kwa nini twahitaji volti za namna tatu? Kwa ajili ya chipu nane za kumbukumbu ya chini, namba 4116. Kila chipu ina miguu 16. Ishikeni hivi kwamba ile kata ndogo ya kichwani iwe juu. Mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Hesabuni kushuka mpaka wa 8, kisha vukeni kulia na kupanda mpaka wa 16. Mguu wa 16 ni ardhi. Wekeni waya mweusi wa mita kwenye mstari wa ardhi wa bodi. Sasa waya mwekundu: mguu wa 1 lazima usome volti 5 hasi, mguu wa 8 volti 12, na mguu wa 9 volti 5. Shikeni mkono imara, kwa maana ncha ya mita ikigusa miguu miwili pamoja mtakuwa mmeongeza ugonjwa wa pili.

Volti 5 hasi zikikosekana huku zile 12 zipo, chipu za 4116 hupata moto na kufa. Ndiyo iliyokuwa habari yangu. Transista TR4 ilikuwa imeungua, nami nikawa nalisha chipu mpya umeme pungufu. Mara nyingi TR4 huuawa na mwenye mashine mwenyewe: huchomeka kifaa nyuma wakati umeme unawaka, kifaa kinakwenda upande kidogo, na nyaya zisizopasa kugusana zinagusana. Mashine hii haina hata swichi ya kuzimia, kwa hiyo watu waliona uvivu kuchomoa plagi.

Umeme ukiwa barabara, gusa chipu moja moja kwa kidole. Iliyo ya moto kupita wenzake yafaa kushukiwa. Kuing'oa, msihangaike kuyeyusha lehemu ya miguu yote 16 kwa pamoja, maana njia za shaba kwenye bodi ni nyembamba na hubanduka. Kateni miguu kwa koleo ndogo, tupeni mwili wa chipu, kisha toeni mguu mmoja mmoja kwa joto kidogo. Halafu lehemuni soketi, ili safari nyingine msirudie kazi hiyo.

Labda mashine yawaka vizuri ila vibonyezo havifanyi kazi. Chini ya mpira mna karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupitisha umeme, nayo ina mikia miwili inayoingia katika bodi. Plastiki hukauka kwa miaka na kupasuka pale inapokunjwa. Dalili yake ni nzuri kwa fundi: vibonyezo hufa kwa makundi. Vikifa vitano jirani, mathalan kuanzia 1 mpaka 5, mstari mmoja wa mkia umekatika. Karatasi mpya hutengenezwa na kuuzwa hata sasa.

Tuje kwenye kukuza mashine ya kilobaiti 16 iwe ya 48. Bodi za toleo la pili na la tatu zina nafasi 12: nane za chipu za kumbukumbu, na nne za chipu ndogo za kuongoza, yaani 74LS157 mbili, 74LS32 moja na 74LS00 moja. Hapa pana kisa kinachonifurahisha. Ili kupunguza bei, Sinclair walitumia chipu za biti 65,536 zilizokuwa na kasoro upande mmoja, wakatumia nusu iliyo nzima peke yake. Waya mfupi kwenye bodi huchagua nusu gani itumike, na kwa hiyo zote nane hazina budi kuwa wazima wa upande ule ule. Siku hizi mnaweza kutia chipu nzima za namba 4164, na mahangaiko hayo yakaisha, ila waya ule lazima uwepo. Angalizo: 4164 isitiwe kamwe katika nafasi ya 4116. Mguu wa 8 wa 4164 wataka volti 5, nao hapo utapewa 12.

Mkimaliza, washeni, kisha andikeni maneno haya:

PRINT PEEK 23732 + 256 * PEEK 23733

Kila inapowashwa, mashine hujikagua kumbukumbu yake kutoka chini kwenda juu, na husimama inapokuta kasoro. Maneno hayo huiuliza ilifika wapi. Ikijibu 65535, kilobaiti 48 zote zipo. Ikijibu 32767, haikuiona kumbukumbu mpya hata kidogo; tazameni zile chipu nne na waya wa kuchagua. Ikitoa namba iliyo kati ya hizo mbili, imeiona, lakini imekwama njiani, na chipu mojawapo kati ya nane ina dosari. Chomoeni umeme kwanza, ndipo mzibadilishe moja baada ya moja, mkiuliza tena kila mara.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kinasa sauti na kanda zisizotaka kupakia. Kwaherini.