BENCHI LA BIBI: TIBA YA MAWAZO MENGI

Mtu akivunjika mguu, kila mtu huona. Lakini uko ugonjwa usioonekana kwa macho. Mgonjwa halali usiku. Chakula hakitaki. Jembe analitazama tu. Watu husema ati ni mvivu, au amerogwa. Kumbe anaumwa!

Ugonjwa huu unaitwa sonona. Huko Zimbabwe, watu wa Kishona wana neno lao la shida hiyo: kufungisisa. Maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Je, unatibika? Ndiyo, unatibika. Tusome habari za daktari mmoja wa nchi hiyo.

Nauli iliyokosekana

Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 2005 msichana mmoja aliyekuwa akimtibu alijiua. Alitakiwa kurudi hospitali, lakini jamaa zake walikosa nauli ya basi. Daktari alihuzunika sana. Akajiuliza: kama mgonjwa hawezi kuifuata tiba, je, tiba haiwezi kumfuata mgonjwa?

Madaktari wa akili nchini walikuwa wachache mno. Lakini mabibi wapo kila mahali. Basi mwaka 2006 alianza kazi na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Mabibi hao walikuwa wahudumu wa afya, na watu waliwaheshimu. Akawafundisha kazi ya kumsaidia mwenye mawazo.

Benchi liliwekwa nje ya kliniki. Kwanza liliitwa benchi la afya ya akili. Watu wakalikimbia! Nani anataka kuonekana ana wazimu? Mabibi wakashauri liitwe Benchi la Urafiki. Hapo watu wakakaa.

Bibi hufanya nini?

Kwanza mgonjwa huulizwa maswali 14. Hujibu ndiyo au hapana. Je, wiki hii ulikosa usingizi? Ulilia, au ulitaka kulia? Uliwahi kufikiria kujiua?

Akionekana ana shida, hukaa na bibi. Bibi husikiliza. Hamkatizi, wala hampi amri. Mgonjwa hutaja shida zake zote, kisha huchagua moja ya kuanza nayo.

Tuchukue mfano. Mama ana deni, ana mtoto mgonjwa, na mume hana kazi. Anachagua deni. Bibi anamwuliza, "Unaona tufanyeje?" Mama mwenyewe anafikiri: nitakwenda kwa mwenye duka, nimwombe nilipe kidogo kidogo. Anakwenda, anajaribu, kisha anarudi kueleza. Shida moja ikipungua, anapata nguvu ya kuishika nyingine. Vikao vilikuwa 6.

Mwenye hatari ya kujiua haachiwi bibi peke yake. Hupelekwa kwa wataalamu.

Je, inafaa kweli?

Daktari hakutaka kusema kwa maneno matupu. Yeye na wenzake walipima kazi hiyo katika kliniki 24 za Harare. Wagonjwa walikuwa 573, wengi wao wanawake. Kliniki 12 zilitumia benchi. Kliniki 12 nyingine zilitoa huduma ya kawaida pamoja na maelezo juu ya ugonjwa.

Baada ya miezi 6 walipimwa tena. Kati ya kila watu 100 wa huduma ya kawaida, karibu 50 bado walikuwa na dalili za sonona. Kati ya kila watu 100 waliokaa na bibi, waliobaki na dalili ni karibu 14 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari la Marekani. Kazi ya benchi imevuka mipaka, hata Malawi na Zanzibar imefika.

Nasi tujifunze

Mabibi wale walifundishwa, na wataalamu waliwasimamia. Lakini jambo moja tunaweza kulianza leo: kusikiliza. Jirani akikaa kimya siku nyingi, usimwambie "jikaze". Usimcheke. Kaa naye, mwulize, halafu nyamaza umsikie. Dalili zikiendelea, mpeleke kituo cha afya.

Akisema amechoka kuishi, usidhani anatania. Usimwache peke yake. Mfikishe kituoni siku ile ile, na kama nauli hana, tumchangie. Nauli ya basi isituondolee mtu.