Sotoka Imekwisha, Tuzo Alipewa Nani?



Majuzi kijana mmoja wa kwetu anayesomea udaktari wa mifugo hapa Uingereza alinipigia simu. Alikuwa anaandika insha juu ya tuzo wanazopewa mabingwa wa sayansi ya mifugo duniani. Akaniuliza: "Mzee, hivi sotoka si ilikuwa ya kwetu? Mbona kila nikisaka nani alisifiwa kwa kuimaliza naangukia kwa Mwingereza mmoja tu?" Nikamwambia nipe siku mbili tatu nitakujibu kwa maandishi. Jibu limekuwa refu, basi nimeona bora nilibandike hapa tulisome pamoja, maana linatuhusu wengi.

Kwanza sotoka yenyewe, kwa faida ya wenzangu mliokulia mjini. Ni ugonjwa wa kirusi wa ng'ombe na wanyama wengine wenye kwato: nyati, pofu, tandala, twiga. Kirusi chake ni ndugu wa karibu wa kile cha surua. Ng'ombe hushikwa na homa, machozi na makamasi yakamtoka, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaanza kuhara mfululizo mpaka maji yakamwisha mwilini. Kwenye kundi ambalo halijawahi kuugua, ng'ombe tisa katika kumi waliweza kwenda na maji ndani ya wiki mbili.

Ugonjwa huu ulipoingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka hadi kwetu kama mwaka 1890 au 1891, ulivunja jamii nzima nzima. Wamasai wanakiita kipindi kile Emutai, maana yake kumalizika kabisa. Ng'ombe walikufa, ndui ikaja juu yake, na njaa ikamaliza waliobaki. Wakoloni walipofika na kuona mbuga tupu walidhani nchi haina wenyewe. Kwa kweli wenyewe walikuwa wamekufa au wamekimbilia kwa majirani kuomba chakula. Tusisahau hilo tunapozungumzia nani alistahili kupongezwa kwa kuuondoa ugonjwa huu duniani.

Sasa huyo Mwingereza. Jina lake Walter Plowright, mzaliwa wa Lincolnshire mwaka 1923, aliyefariki mwaka 2010. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, ambayo hutolewa Des Moines katika jimbo la Iowa, pamoja na dola 250,000. Tuzo hii iliasisiwa mwaka 1986 na Norman Borlaug, yule bwana wa ngano aliyepata Nobel ya Amani mwaka 1970. Borlaug aliona kwamba Nobel haina fungu la kilimo wala mifugo, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Peter Doherty wa Australia, daktari wa mifugo wa kwanza kupata Nobel, aliipata mwaka 1996 kwenye fungu la tiba ya binadamu, kwa kueleza jinsi chembe za kinga zinavyoitambua chembe ya mwili iliyoingiliwa na kirusi. Mtu anayetaka kumsifu daktari wa ng'ombe kwa kazi ya ng'ombe itambidi atafute mlango mwingine, na mlango mkubwa ndio huo wa Iowa. Verghese Kurien wa India aliupitia mwaka 1989 kwa kazi yake ya vyama vya ushirika vya maziwa. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Plowright.

Alifanya nini? Hapa nataka tutue kidogo, maana kazi yenyewe ilifanyika kwetu. Plowright alifanya kazi Muguga, nje ya Nairobi kwenye njia ya Limuru, tangu mwaka 1956 hadi 1971. Muguga palikuwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya pamoja, mali ya Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Ilidumu mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977.

Kabla yake chanjo za sotoka zilikuwapo, ila zilikuwa na kasoro. Ya zamani kabisa ilikuwa kumchoma ng'ombe damu ya mgonjwa upande mmoja na maji ya damu ya aliyepona upande wa pili, halafu unamwomba Mungu. Ikafuata chanjo ya kirusi kilichopitishwa kwa mbuzi, ambayo ilikinga vizuri lakini ng'ombe wengine waliugua sana, hasa wa kizungu. Ikaja pia ya sungura. Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua kirusi kikali kilichoitwa Kabete O, wakakiotesha ndani ya chembe za figo ya ndama kwenye chupa za maabara, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa mara tisini hivi. Kila kilipohama kilizidi kuzoea maisha ya chupani na kusahau ukali wake. Mwishowe kikawa hakiwezi kumwuguza ng'ombe wa aina yoyote, hata ndama, hata mwenye mimba, lakini mwili wake ulikitambua na kujijengea kinga ya maisha. Sindano moja, basi. Na ilikuwa rahisi kutengeneza, kwa senti chache kila dozi.

Na hapa ndipo sotoka ilipotegeka. Kirusi kina sura moja tu mbele ya kinga ya mwili, kwa hiyo chanjo moja ilitosha dunia nzima. Ng'ombe aliyepona habaki amekibeba. Tena nje ya mwili kirusi hakikawii kufa. Ukipata chanjo nzuri, ugonjwa wa namna hii unaweza kuufuta kabisa. Kwa hiyo sina ugomvi na tuzo ya Plowright, aliistahili. Ugomvi wangu ni na hesabu. Chanjo ilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960, na dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2011. Hiyo nusu karne katikati ilikuwa ya nani?

Mwaka 1962 ulianza mpango mkubwa ulioitwa JP15, uliochanja ng'ombe kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu, ukafungwa mwaka 1976. Sotoka ikawa haionekani karibu kila mahali. Watu wakashangilia, fedha zikapungua, na kuchanja kukalegea. Kumbe kirusi kimejificha kwenye mifuko michache ambako magari hayakufika. Kufika miaka ya 1980 kilikuwa kimerudi kwa kishindo, kuanzia Nigeria hadi kwetu Tanzania.

Mwaka 1982, sotoka ilipozuka tena kaskazini mwa Tanzania na kuua nyati wa Ngorongoro, nilikuwa shule ya msingi. Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Ninyi mnajua bwana mifugo ni nani: koti la kaki, buti, baiskeli, na mfuko wenye bomba la sindano. Miezi ile hatukumwona nyumbani ila kwa nadra. Chanjo ya Muguga ilikuwa nzuri sana maabara, lakini ilikuwa unga mkavu uliotaka barafu njia nzima, na ukishauchanganya na maji ya chumvi una saa chache tu kabla haujaharibika. Baba alisimulia kwamba kazi ya kudunga haikuwa kitu. Kazi ilikuwa barafu, na baada ya barafu ni maneno. Unafika boma asubuhi, wazee wanakuuliza: mwaka ule mlikuja mkadunga, ndama wakafa, mlidunga nini? Unakaa chini. Unakunywa maziwa uliyopewa. Unaeleza. Jua linapanda, na barafu kwenye sanduku inayeyuka huku unaeleza. Ukiwahimiza, wanawahamisha ng'ombe usiku. Ukikaa sana, chanjo inakufa mikononi mwako na unadunga maji matupu. Mara mbili, aliniambia, alimwaga dozi zote chini mbele ya wazee badala ya kudunga kitu asichokiamini. Safari iliyofuata boma lile lilikuwa la kwanza kuleta ng'ombe.

Nani hutoa tuzo kwa kumwaga chanjo? Alipostaafu alipewa blanketi na redio. Alizipenda zote mbili, sisemi kwa kejeli.

Tatizo la barafu lilitatuliwa karibu na mwaka 1990, na Mmarekani Jeffrey Mariner na wenzake. Walichukua kirusi kilekile cha Plowright wakabadili namna ya kukiotesha na kukikausha, mpaka chanjo ikaweza kukaa zaidi ya mwezi bila jokofu. Jambo dogo kwenye karatasi! Lakini sasa mtu aliweza kutia chupa kwenye mfuko na kutembea kwa miguu siku kumi. Na nani atembee? Wafugaji wenyewe. Karamoja, Sudan ya Kusini, na kwa Waafar wa Ethiopia walichaguliwa vijana na kijiji chao, wakafundishwa kuchanja, wakaingia huko ambako serikali haikuingia kwa sababu ya vita au kukosa barabara. Wao ndio walioifuata sotoka kwenye mifuko yake ya mwisho. Mara ya mwisho kuthibitishwa ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, Kenya. Baada ya hapo ni miaka kumi ya kupima damu na kutafuta, mpaka tangazo la 2011. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa duniani, baada ya ndui.

Mwaka 2010 ilizinduliwa sanamu ya ukumbusho huko Meru. Sanamu ya nani? Ya nyati. Jamani, mimi nampenda nyati, na maana yake naielewa. Lakini nilipoona picha nilicheka peke yangu: mgonjwa wa mwisho amejengewa sanamu, aliyegundua chanjo amepata tuzo, na aliyebeba sanduku la barafu hana hata kibao.

Kuna jambo lingine la Plowright ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Mwaka 1960, yeye, Ferris na Gordon Scott walionyesha kwamba homa moja mbaya ya ng'ombe inayoanza na makamasi na macho kuwa meupe hutokana na kirusi kinachobebwa na nyumbu bila kuwadhuru. Kazi safi kabisa. Ila Wamasai walikuwa wameshajua zamani kwamba ng'ombe hapelekwi malishoni nyumbu wanapozaa. Walijua lini, wapi, na kwa muda gani. Hawakujua kirusi, hilo kweli, na maabara ndiyo iliyotuambia kwa nini. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakaonyesha pia kwamba homa ya nguruwe ya Afrika inaishi ndani ya papasi kwenye mashimo ya ngiri, kwa vielelezo kutoka Tanzania. Yaani nusu ya sifa za mtu yule zimeota kwenye nyasi zetu. Sisemi alituibia. Nasema tuzo ina swali moja tu, nani alivumbua, na mambo mengine ya maana haina pa kuyaandika.

Tena halijapita hili. Sotoka ina mdogo wake, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoingia Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008. Nayo ina chanjo nzuri ya dozi moja, na ipo inayovumilia joto. Mashirika ya kimataifa yamejiwekea lengo la kuifuta ifikapo 2030. Mbuzi ni mali ya maskini, na mara nyingi ya mama wa nyumbani. Wanazaliana upesi, wanauzwa minadani kila wiki, na hakuna bwana mifugo wa kutosha, sehemu nyingine hakuna kabisa. Chanjo ipo. Siku ikiisha, kama itaisha, kutakuwa na sherehe tena. Mwenye kuratibu tuzo angeanza sasa hivi kuandika nani amechanja wapi, maana baada ya miaka hamsini hakuna atakayekumbuka.

Baba amefariki. Kwenye sanduku lake nilikuta daftari la mwaka ule wa 1982, karatasi zimekuwa za njano. Kila ukurasa una jina la boma, idadi ya ng'ombe waliochanjwa, na dozi zilizomwagwa. Ukurasa wa kwanza una majina ya wachanjaji sita wa kikosi chake. Wawili niliwajua nikiwa mtoto. Wanne sijui hata kama wako hai. Kama kuna mwenzetu hapa ambaye mzazi au mjomba wake alichanja ng'ombe upande wa Monduli, Loliondo au Ngorongoro miaka ile, naomba aniandikie pembeni, nimsomee hayo majina. Kijana wa insha nimempigia picha ukurasa huo nikampelekea.